Kumfundisha kijana kumtembelea mbwa wa kituoni: mambo yanayotangulia kumgusa

Mapema mwaka 2016 zilisambaa mitandaoni picha kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama cha St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, zikionyesha watoto walioketi sakafuni mbele ya vyumba vya mbwa, kila mmoja na kitabu chake mkononi, wakiwasomea kwa sauti mbwa waliojikunja pembeni kwa woga. Mpango huo ulianzishwa na chama cha kutetea wanyama cha jimbo hilo, Humane Society of Missouri, kwa ajili ya watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 15. Wengi waliozipenda picha zile waliona upole wa mtoto na unyonge wa mbwa, wakadhani kwamba upole huo ulitosha. Kisichoonekana pichani ni mafunzo ya jumla ya muda wa saa kumi ambayo mtoto huyapitia kabla ya kuruhusiwa kuketi pale, na ambamo hufundishwa kuutazama mwili wa mbwa na kuzitambua dalili za wasiwasi.

Afrika Mashariki nako wapo vijana wanaotamani kujitolea katika vituo vya kuhifadhi wanyama, na kwa mtazamo wangu shauku yao inastahili kupokelewa. Hata hivyo, wazazi na walimu wanapoulizia usalama, mara nyingi huuliza kama mbwa wa kituo fulani ni wakali au wapole, kana kwamba ukali ni tabia isiyobadilika ambayo mbwa huzaliwa nayo. Swali hilo halina jibu la kutegemewa, kwa sababu mbwa yuleyule anaweza kuvumilia kuguswa asubuhi na asivumilie jioni. Kinachoweza kufundishwa ni namna ya kutambua hali aliyo nayo mbwa kwa wakati ule na kuiheshimu. Na kila kinachompa mbwa utulivu humwongezea kijana usalama.

Ili kulielewa hilo ni lazima kwanza kufahamu kwamba mbwa wa kituoni yuko katika mazingira magumu kuliko mbwa wa nyumbani. Mbwa anayeishi na familia amezoea harufu, sauti na ratiba ya mahali pake, ilhali aliyeletwa kituoni amepoteza vyote hivyo kwa siku moja, na aghalabu haijulikani alitokea wapi, alitendewa nini, au kama aliwahi kuguswa na mtoto hata mara moja. Watafiti wa Marekani waliopima damu ya mbwa wa vituoni katika miaka ya 1990 walikuta kwamba kiwango cha kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi unapokuwa na msukosuko, huwa karibu mara tatu ya kile cha mbwa waliopimwa majumbani kwao, hasa katika siku tatu za mwanzo. Kelele nazo ni mzigo mwingine: mbwa wengi wanapobweka kwa pamoja ndani ya jengo lenye kuta za saruji na mabati, sauti huweza kupita desibeli 100, wakati ambapo katika kazi za binadamu kiwango cha desibeli 85 kinatosha kuhitaji kinga ya masikio. Tena mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sikio letu halizifikii kabisa, kwa hiyo mlio wa bawaba kavu au kelele za furaha za watoto humfikia kwa ukali tusioukisia.

Misukosuko hiyo hujumlishwa. Tuchukue mfano wa mbwa ambaye usiku hakulala kwa sababu ya radi, asubuhi akachomwa sindano ya chanjo, mchana jirani yake wa banda akaondolewa, kisha alasiri likaja kundi la wanafunzi. Mwanafunzi wa kwanza anamgusa, anavumilia; wa pili anamgusa, anageuza kichwa; wa tatu anainama juu yake ili amkumbatie, naye anauma. Watu watasema kwamba mbwa ameuma bila sababu. Sababu zilikuwapo tangu usiku, ila hakuna aliyezihesabu, na ndiyo maana mafunzo mazuri humzoeza kijana kuuliza, kabla ya kulikaribia banda lolote, siku ya mbwa huyo imekwendaje.

Kuhusu lugha ya mwili, daktari wa mifugo wa Uingereza, Kendal Shepherd, ametoa mchoro unaotumika sana katika mafunzo ya namna hii, unaozipanga dalili za mbwa kama vidato vya ngazi. Katika vidato vya chini mbwa hupepesa macho, hulamba pua au midomo ilhali hakuna chakula, na hupiga miayo ilhali hana usingizi. Akipanda, hugeuza kichwa, kisha hugeuza mwili mzima, huketi, huinua mguu mmoja wa mbele, au huondoka. Dalili hizo zisipopokewa, hujiinamisha, hulaza masikio nyuma, huufyata mkia, na pengine hulala chali akiinua mguu. Baada ya hapo mwili hukakamaa na macho hukaza. Kisha hunguruma, huonyesha meno, hung'ata hewa, na mwisho huuma. Ni kosa kudhani kwamba safari huanzia kwenye kunguruma. Mbwa anaponguruma amekwisha kusema mara nyingi kwa njia nyingine, na hakusikilizwa.

Mambo matatu katika ngazi hiyo huwatatiza vijana kuliko mengine, nami naona yastahili kurudiwa mpaka yazoeleke. La kwanza ni mkia. Wengi wamefundishwa kwamba mbwa anayetikisa mkia amefurahi, kumbe kutikisa mkia kunaonyesha tu kwamba amesisimka. Mkia ulio usawa wa mgongo, unaoyumba kwa ulegevu pamoja na kiuno chote, una maana tofauti na mkia uliosimama wima na kutetemeka kwa haraka huku mwili wote ukiwa umekaza. La pili ni tumbo. Mbwa anayelala chali huku misuli imelegea na mdomo uko wazi huenda anaomba kukunwa, bali yule aliyelala chali huku mkia umefyatwa, midomo imefungwa na weupe wa macho unaonekana, anaomba aachwe. La tatu ni ukimya. Mbwa aliyekuwa akihema kisha ghafla akafunga mdomo na kutulia kama aliyeganda hajatulia hata kidogo, na wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kijana kuondoa mkono wake taratibu na kurudi nyuma.

Mtoto mdogo hawezi kuyatambua hayo kwa silika yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza wameonyesha kwamba watoto wa umri wa kwenda chekechea huweza kuyatazama meno ya mbwa aliyekasirika wakadhani anatabasamu, na habari njema katika kazi yao ni kwamba mafunzo huwasaidia watoto kuelewa vizuri zaidi. Hata hivyo, umri una mipaka yake. Katika maoni yangu, mtoto asiyefikisha miaka sita hana sababu ya kupelekwa mbele ya mabanda ya mbwa wasiojulikana. Kuanzia sita hadi kumi au kumi na mmoja anaweza kusoma au kuketi nje ya wavu akiwa na mtu mzima wake. Na kuingia ndani ya banda au kushika kamba kuwe kwa vijana wakubwa zaidi waliopimwa mmoja mmoja. Si umri pekee unaoamua, kwani yupo kijana wa miaka kumi na sita asiyeweza kukaa kimya dakika tano, na yupo wa miaka tisa mwenye jicho kali kuliko mwalimu wake.

Ni kweli kwamba mtoto wa kwetu huja na somo ambalo mtoto wa St. Louis huenda hakulipata. Katika miji na vijiji vingi vya Kenya na Tanzania, mbwa ni mlinzi anayefungwa mchana na kuachiwa usiku, au ni mbwa koko wa jalalani, na mtoto hukua akisoma onyo la mbwa mkali kwenye mageti na akifundishwa na wenzake kuokota jiwe au kutimua mbio. Mbwa wa hapa naye amejifunza upande wake wa somo hilo: akimwona mtoto anainama, hudhani jiwe linakuja. Kwa hiyo kijana anayeinama ghafla mbele ya banda ili afunge kamba ya kiatu, bila nia yoyote mbaya, anaweza kumfanya mbwa ajitupe kwenye wavu kwa hofu. Mafunzo yaliyotungwa ng'ambo hayalitaji sana jambo hili, na mkufunzi wa hapa ana wajibu wa kuliongeza, pamoja na kuwapa vijana nafasi ya kusema wazi nani aliwahi kuumwa au kukimbizwa na mbwa, kwa maana hofu iliyofichwa hujitokeza mbele ya banda kwa kupiga kelele au kuchomoa mkono kwa nguvu.

Mbio zenyewe zina tiba yake, na hufundishwa kwa mazoezi ya mwili wala si kwa maneno tu. Mbwa asiyejulikana akikaribia, kijana husimama wima bila kusogea, hukusanya mikono yake mbele ya mwili, huelekeza macho chini kwenye miguu yake, na husubiri. Mbwa hunusa, huona hakuna cha kufukuza, na kwa kawaida huondoka. Kijana akiangushwa, hujikunja akilalia magoti, vidole vimefumbatwa nyuma ya shingo na viwiko vikifunika masikio na uso. Zoezi hili lifanyike uwanjani mara nyingi, mpaka mwili uweze kulifanya hata wakati akili imeshtuka.

Linalofuata ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi mno wakiwa Afrika na Asia. Kwamba asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Na kwamba karibu asilimia 40 ya waathirika ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kituo kisichoweza kuonyesha kumbukumbu za chanjo ya kila mbwa anayetembelewa hakipaswi kupokea vijana, hata kama wafanyakazi wake wana moyo mwema kiasi gani. Mbwa aliyeletwa karibuni, ambaye historia yake haijulikani, hukaa sehemu yake ya karantini, na kijana hapiti huko kabisa.

Hapa watu huchanganya mambo mawili ambayo yafaa kutenganishwa. Virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini mwa mbwa kwa wiki au hata miezi kabla ya dalili kujitokeza, hivyo mbwa kuonekana mzima leo si uthibitisho kwamba hana ugonjwa. Lakini virusi huanza kutoka kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili, na mbwa mwenye virusi katika mate hufa muda mfupi baadaye. Ndiyo sababu mbwa aliyeuma huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10: akiwa bado mzima baada ya siku hizo, yaeleweka kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile aliyouma. Uangalizi huo humhusu mbwa. Aliyeumwa hasubiri matokeo yake, bali huanza matibabu mara moja, na daktari ndiye atakayeamua baadaye kama chanjo iendelee au isimame.

Matibabu yenyewe huanzia bombani. Jeraha, hata kama ni mkwaruzo mdogo, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, muda ambao ni mrefu kuliko watu wanavyodhani mpaka waupime kwa saa, kisha aliyeumwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Kupaka pilipili, majivu au dawa za majani juu ya jeraha hakuui virusi na huweza kudhuru nyama iliyochanika. Wafanyakazi wa kila siku wa kituo, na vijana wakubwa wanaoshika mbwa mara kwa mara, wanafaa kuchanjwa kabla ya kupata jeraha lolote. Utaratibu wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni sindano siku ya kwanza na nyingine siku saba baadaye, ingawa chanjo hiyo haimwondolei mtu haja ya kwenda hospitali akiumwa.

Yote hayo hayana faida kijana akificha mkwaruzo wake. Kijana anayependa kazi hii huogopa kwamba akisema ameparuzwa atafukuzwa, au mbwa aliyempenda atauawa, au mama atamkataza kurudi. Kwa hiyo mkufunzi atamke tangu siku ya kwanza, mbele ya wazazi, kwamba anayetoa taarifa haadhibiwi, na aeleze bila kuficha kitu ni nini kitakachompata mbwa baada ya taarifa. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja tu, hakuna kijana atakayesema ukweli tena.

Baada ya darasa lisilo na mbwa hata mmoja, ambalo ndilo hatua ya kwanza, hatua ya pili ni kutazama. Vijana husimama mbali na mabanda pamoja na mtu mzima, humchagua mbwa mmoja, na kwa dakika chache hueleza kile tu wanachokiona: masikio yako wapi, mdomo umefungwa au umefunguka, uzito wa mwili umeegemea mbele au nyuma. Neno kama "mpole" au "mkali" halikubaliki katika hatua hii, kwa kuwa hilo ni hukumu, na jicho linalohukumu haraka huacha kutazama.

Hatua ya tatu ndiyo ile ya kusoma. Kijana huketi ubavu kwa ubavu na wavu, si uso kwa uso, kwa maana mbwa wengi huona kukaziwa macho kuwa ni tishio. Husoma kwa sauti ya kawaida, isiyopanda na kushuka ghafla, na kitabu chenyewe humsaidia yeye mwenyewe kuacha kumkodolea mbwa macho. Mbwa akisogea hata hatua moja, hutupiwa kipande kidogo cha chakula kilichoidhinishwa na kituo. Asiposogea, hakuna kibaya, usomaji unaendelea. Hakuna kidole kinachopita kwenye matundu ya wavu kwa sababu yoyote ile. Kidogo kidogo mbwa huanza kuhusisha ujio wa mtu na jambo jema, na mbwa anayekuja mbele ya banda huonekana na familia zinazotafuta mbwa wa kuchukua, ilhali yule anayejificha nyuma hupitwa bila kutazamwa.

Njia hii ina faida nyingine kwa jamii zetu za pwani. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, kuguswa na mate ya mbwa hulazimu kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na wazazi wengi humkataza mtoto kwa sababu hiyo. Usomaji wa nje ya wavu hauhitaji kugusa. Mzazi anaweza kuelezwa hivyo kwa heshima na kuamua mwenyewe, naye huenda akaikumbuka ile hadithi mashuhuri ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa dhambi zake. Kituo kisimlazimishe kijana wa namna hii kupanda hatua ya nne, wala kisimhesabu kuwa amebaki nyuma.

Hatua hiyo ya nne, ya kuingia bandani na kugusa, ni ya wachache, na mbwa wake huchaguliwa na mfanyakazi anayewafahamu. Kijana huingia na mtu mzima, huketi au husimama pembeni, na humwacha mbwa ndiye aje. Hanyooshi mkono kuelekea puani, hainami juu ya kichwa, hakumbatii wala habusu. Mbwa akija na kuegemea, hupapaswa kifuani au begani kwa sekunde tatu hivi, kisha mkono huondolewa. Akisogea tena, ameomba zaidi. Akijikung'uta, akigeuka au akikaa vilevile, amekwisha kujibu. Mbwa anayekula, aliyelala, au mwenye watoto hakaribiwi. Kamba ya kumwongozea haizungushwi kiganjani, kwa kuwa mbwa akiruka ghafla vidole huvunjika, na mbwa wawili hawakutanishwi pua kwa pua kwenye wavu, maana hasira ya wale wawili huweza kumwishia aliyeshika kamba.

Usafi hauhitaji maneno mengi. Viatu viwe vya kufunika miguu, mikono ioshwe kabla na baada ya kila mbwa, na pasiwe na chakula cha watu karibu na mabanda, kwa sababu minyoo, choa na upele hupita kutoka kwa mbwa kwenda kwa binadamu, na virusi vya parvo, ambavyo hudumu kwenye udongo kwa miezi, husafiri kwa soli ya kiatu kutoka banda hadi banda na kuwaua watoto wa mbwa.

Lipo jambo ambalo watu wazima hulikwepa. Kijana atarudi wiki inayofuata na kukuta banda tupu. Pengine mbwa amepata familia. Pengine ameugua akafa, au daktari wa mifugo amelazimika kumpumzisha milele. Hata vituo vya muda mrefu kama KSPCA, chama cha Kenya cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ambacho makao yake yako Karen, Nairobi, na mizizi yake ni ya mwaka 1910, hupokea wanyama waliokwisha kuumia vibaya, na si wote wanaoweza kuokolewa. Kumdanganya kijana kwamba kila mbwa aliyeondoka "amepelekwa shambani" humvunjia imani siku atakapojua. Aambiwe ukweli kabla ya ziara yake ya kwanza, tena mzazi akiwapo, ili aamue kama yuko tayari, na apewe mtu wa kuzungumza naye siku hiyo ikifika.

Kila ziara humalizika kwa kuandika. Kijana huandika katika daftari la kituo jina la mbwa, saa, na kile alichokiona, kwa mfano kwamba mbwa alibaki nyuma mwanzoni, akaja mbele ukurasa wa tatu uliposomwa, akalamba midomo pikipiki ilipopita nje, akala kipande kimoja na kuacha cha pili. Mfanyakazi mmoja hawezi kumtazama kila mbwa kwa nusu saa nzima, kwa hiyo maandishi haya humpa habari ambazo asingezipata kwa njia nyingine: kujua ni mbwa yupi aliyeacha kula, ni yupi anayeogopa pikipiki, na ni yupi sasa anayefaa kukutana na familia yenye watoto. Kwa daftari hilohilo mkufunzi humpima kijana pia, kwani anayeandika "alikuwa mzuri" kila wiki bado anahitaji kurudi hatua ya kutazama, na anayeandika kwamba aliondoka mapema kwa sababu mbwa aligeuza kichwa mara mbili yuko karibu kukabidhiwa kamba.